Safari ya Sampuli ya Mafua: Kumbukumbu za Siku kwa Siku, kutoka Puani hadi Kwenye Friza

Sampuli ya mafua ikichukuliwa leo asubuhi, majibu ya PCR, kipimo kinachozidisha vinasaba vya kirusi ili vionekane, yanaweza kuwa mezani kesho. Lakini swali linalomnyima usingizi mtaalamu wa virusi si kama mgonjwa ana mafua. Anataka kujua kama kirusi hiki bado kinatambuliwa na kinga iliyotokana na chanjo ya mwaka huu, na jibu hilo huchukua wiki kadhaa. Njiani sampuli hugandishwa, huyeyushwa, humiminwa juu ya seli za figo ya mbwa, kisha huchanganywa na damu ya bata mzinga. Kila kituo hukipunguza kirusi au hukibadilisha kidogo, kwa hiyo kinachofika mwisho si kile hasa kilichotoka puani. Kumbukumbu hizi zinafuata sampuli moja ya mfano, ya mafua ya msimu (influenza), na kila kituo tunaeleza kinachofanyika, kinachoharibika, na kinachopaswa kubaki kimeandikwa.

Siku ya 0, saa nne asubuhi: pua na koo

Kwa tafsiri ya WHO inayotumika kwenye vituo vya ufuatiliaji, anayechukuliwa sampuli ni mwenye homa ya nyuzi 38 au zaidi na kikohozi, vilivyoanza ndani ya siku 10. Hiyo ni tafsiri ya kuhesabia wagonjwa. Kwa kutafuta kirusi, siku 10 ni nyingi mno. Mtu mzima huanza kutoa virusi takribani siku moja kabla ya dalili na huendelea kwa siku 5 hadi 7. Baada ya siku ya nne kiasi huwa kimeshuka sana. Mgonjwa wetu ameanza kuumwa jana, na ndiye anayefaa.

Kijiti ni cha poliesta au nailoni, chenye mpini wa plastiki. Kijiti cha pamba chenye mpini wa mti kinaonekana hakina ubaya wowote, lakini pamba na mti hubeba kemikali zinazozuia PCR, na vile vya kalsiamu alginate ni hivyohivyo. Kijiti hakielekezwi juu kuifuata pua inavyoonekana kwa nje. Kinapita mlalo, sambamba na kaakaa, hadi kinapogonga nyuma, kwenye kina cha karibu nusu ya umbali kutoka tundu la pua hadi ndewe ya sikio. Kinaachwa hapo sekunde chache kinyonye, kisha kinazungushwa polepole kikitolewa. Mgonjwa akitoa machozi ujue umefika. Asipoguna hata kidogo, pengine umefuta mlango wa pua tu. Kijiti cha pili kinasugua mafindofindo na ukuta wa nyuma wa koo bila kugusa ulimi. Vyote viwili vinaingia kwenye mrija mmoja wenye mililita 2 hadi 3 za kimiminika cha kusafirishia virusi: maji ya chumvi yaliyosawazishwa yenye pH karibu na 7, protini kidogo ya kukikinga kirusi, na dawa za kuzuia bakteria na kuvu. Mpini unakatwa na kifuniko kinakazwa.

Lebo inabandikwa kwenye mwili wa mrija, kamwe si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana mrija kwa urahisi wa kutisha. Iandikwe kwa kalamu isiyofutika kwa spiriti. Tarehe ni mbili: siku ugonjwa ulipoanza na siku sampuli ilipochukuliwa. Fomu nyingi hufika maabara zikiwa na tarehe ya pili tu, na hapo Ct kubwa (namba ya PCR inayoashiria virusi vichache) inakosa maelezo: ni mgonjwa wa siku ya saba, au ni kijiti kilichochukuliwa ovyo?

Siku ya 0, jioni: boksi la baridi

Mrija unawekwa nyuzi 2 hadi 8. Ukifika maabara ndani ya saa 72 hauhitaji kugandishwa. Ikionekana safari itachelewa, ugandishwe kwenye nyuzi -70 au chini zaidi, na ubaki hapo.

Kosa linalojirudia kila mahali ni kuusitiri kwenye friza ya kawaida ya -20, kwa hoja kwamba baridi zaidi ni bora zaidi. Kwa kirusi cha mafua, -20 ni mbaya kuliko 4. Mgando wa polepole huunda fuwele za barafu na kuyakusanya machumvi kwenye maji machache yaliyobaki, na utando wa mafuta unaokizunguka kirusi hauvumilii hali hiyo. Friza zinazojiyeyusha barafu zenyewe huongeza balaa, kwa kuwa hupandisha joto na kulishusha mara kwa mara. PCR pengine bado itasoma RNA, yaani vinasaba vya kirusi, iliyobaki. Seli hazitaota kitu. Ukiona sampuli zenye Ct nzuri zinakataa kuota moja baada ya nyingine kutoka kituo kimoja, uliza kwanza kuhusu friza kabla ya kulaumu seli.

Siku ya 1: njiani

Ufungaji ni wa tabaka tatu. Mrija uliofungwa vizuri, ukizungukwa na karatasi ya kutosha kunyonya kimiminika chote kikimwagika. Chombo cha pili kisichovuja. Boksi gumu la nje lenye alama ya UN3373, ya sampuli za kibayolojia. Mzigo wa ndege unahitaji mrija au chombo cha pili kinachostahimili tofauti ya shinikizo ya kilopaskali 95.

Sampuli iliyogandishwa husafiri kwenye barafu kavu, na hapa kuna mtego ambao wengi hawauoni. Barafu kavu ni kaboni dioksidi ya nyuzi -78.5, na inapoyeyuka huwa gesi. Boksi la nje lisizibwe kabisa, la sivyo gesi italipasua. Mrija kwa upande wake lazima uzibwe kabisa, maana gesi ikipenya inayeyukia kwenye kimiminika na kukifanya kuwa tindikali. Protini ya HA, ile inayokiwezesha kirusi kushika seli, imeumbwa ibadilike umbo inapokutana na tindikali; ndivyo kirusi kinavyofungua mlango wa seli baada ya kumezwa. Ikibadilika ndani ya mrija imekwisha, hairudi. Rangi ya kipimo cha pH kwenye kimiminika, ikiwemo, husaidia: nyekundu ya waridi iliyogeuka njano wakati wa kuyeyusha ni habari mbaya. Iandikwe kwenye daftari la mapokezi.

Siku ya 2, asubuhi: mapokezi

Mrija unafunguliwa ndani ya kabati la usalama wa kibayolojia, kwenye maabara ya ngazi ya pili ya usalama. Unatikiswa kidogo ili seli za mgonjwa zitoke kwenye vijiti, kisha kimiminika kinagawanywa mafungu matatu: la kutolea RNA, la kuoteshea kwenye seli, na la akiba lisiloguswa. Hilo la akiba linaingia -70 papo hapo. Kishawishi cha kulitumia huja baadaye, lile la seli linapokataa kuota. Litatumika siku moja tu, tutakapofika kwenye mpangilio wa jeni, yaani kusoma herufi za jeni moja moja.

Siku ya 2, mchana hadi usiku: PCR

Kutoa RNA hakuna ajabu. Mikrolita 200 za sampuli zinaingia kwenye kimiminika kinachovunja utando wa virusi na kuua vimeng'enya vinavyokula RNA. RNA inashikwa na silika au shanga za sumaku, inaoshwa kwa spiriti, inatolewa kwenye ujazo mdogo. Kinachoharibu hatua hii mara nyingi ni spiriti iliyobaki: usipoikausha vya kutosha, inafika kwenye PCR na kuizuia.

Kazi inagawanywa kwa vyumba, na mtu anatembea upande mmoja tu. Chumba safi ni cha kuchanganyia vitendanishi, cha pili ni cha kutolea RNA, cha mwisho ni cha mashine. Koti la chumba cha mashine halirudi chumba safi, wala pipeti, wala kalamu. Mrija uliokwisha kuzidishwa una mabilioni ya nakala za kipande kilekile unachokitafuta. Ukiufungua mara moja, unaweza kupata majibu ya uongo kwa wiki nzima. Kwa hiyo haufunguliwi. Unatupwa umefungwa.

Kwa itifaki moja inayotumika sana, mikrolita 5 za RNA zinaongezwa kwenye mikrolita 20 za mchanganyiko. Nyuzi 50 kwa dakika 30, RNA inageuzwa DNA. Nyuzi 95 kwa dakika 2. Kisha mizunguko 45 ya nyuzi 95 kwa sekunde 15 na nyuzi 55 kwa sekunde 30. Mafua A hutafutwa kwenye jeni la M, kwa kuwa halibadilikibadiliki kama HA, na mafua B kwenye jeni la NS. Kila sampuli hupimwa pia RNase P, jeni la binadamu. Watu huliruka jibu la RNase P kwa sababu halimhusu kirusi, ilhali ndilo linalosema kama kijiti kilimgusa mtu. RNase P isipoonekana, huna haki ya kuandika "hakuna mafua". Unaandika "sampuli haifai".

Sampuli yetu ya mfano: mafua A, Ct 23, mafua B hakuna, RNase P Ct 26, kishimo cha maji matupu hakikuonyesha kitu. Ct ni mzunguko ambao mwanga ulivuka mstari, kwa hiyo namba ndogo ina maana ya virusi vingi, na kila mizunguko 3.3 ni takribani mara kumi. Ila hicho ni kipimo cha kilichokuwemo kwenye mrija, wala hakisemi mgonjwa anaumwa kiasi gani. Kama kishimo cha maji matupu kingewaka, bamba zima lingerudiwa hata kama sampuli zote nyingine zinapendeza.

Siku ya 3: aina ndogo

Vipimo viwili zaidi, vya kujua HA ni ya aina gani: H1 ya mwaka 2009 na H3. Yetu ni H3.

Kuna jibu la tatu, nalo ndilo sababu mojawapo ya mfumo huu wote kuwepo: mafua A yenye Ct nzuri ambayo hayajibu H1 wala H3. Aprili 2009, sampuli za watoto wawili wa kusini mwa California zilikuwa za namna hiyo, na ndani yake kilikuwa kirusi cha H1N1 kilichosambaa dunia nzima miezi iliyofuata. Sampuli ikigoma hivyo, kwanza rudia kutoka hatua ya RNA, maana vitendanishi vya H vinaweza kuwa vimeharibika. Ikigoma tena, acha kila kitu. Usiioteshe kwenye maabara ya ngazi ya pili. Iende kwenye kituo shirikishi cha WHO, na taarifa iende wizarani siku hiyohiyo: chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, mafua ya binadamu yaliyosababishwa na aina ndogo mpya yanatakiwa kuarifiwa WHO ndani ya saa 24 baada ya tathmini, hata akiwa mgonjwa mmoja.

Siku ya 4 hadi ya 9: seli

Kwa kazi iliyobaki tunahitaji kirusi kizima, kinachoweza kushika seli, na kiwe kingi. Seli zinazotumika ni MDCK, zilizotokana na figo ya mbwa wa aina ya cocker spaniel mwaka 1958. Madin na Darby, ambao herufi zao zimo kwenye jina hilo, hawakuwa wakizitafutia mafua makao.

Seli hukuzwa kwenye seramu (majimaji ya damu) ya ndama, lakini kabla ya kuweka kirusi seramu yote inaoshwa. HA hutengenezwa ikiwa kipande kimoja na haifanyi kazi mpaka ikatwe na kimeng'enya. Puani vimeng'enya hivyo vipo, kwenye chupa inabidi tuongeze tripsini. Seramu ina vizuizi vya tripsini, na pia ina sukari zilezile ambazo kirusi hushika, kwa hiyo ikibaki inakizuia mara mbili. Tripsini ikizidi nayo huzing'oa seli kwenye sakafu ya chupa, na mgeni atadhani kirusi ndicho kimeziua. Ndiyo maana chupa moja hupewa tripsini bila kirusi: seli zikidondoka humo pia, tatizo ni la kipimo.

Joto ni nyuzi 33 hadi 35, karibu na joto la pua kuliko la mapafu. Seli huangaliwa kwa hadubini kila siku. Zinaanza kujikunja, zinakuwa duara na kung'aa, zinaachia, na matobo yanatokea kwenye zulia lililokuwa zima. H1 huweza kumaliza kazi kwa siku mbili au tatu. H3 ya miaka ya karibuni ni mvivu na huweza kuhitaji wiki.

Sababu ya uvivu huo ndiyo kiini cha safari hii. HA hushika asidi ya siali iliyo mwishoni mwa minyororo ya sukari juu ya seli. Kwenye njia ya juu ya hewa ya binadamu, siali imeunganishwa kwa kiungo kinachoitwa alfa 2,6. Kwenye utumbo wa bata, na kwenye seli za utando wa alantoisi ndani ya yai la kuku, ni alfa 2,3. MDCK zina zote mbili. Kirusi kilichozoea pua kikipelekwa mahali pasipo na kiungo chake, kinachoota si kile kilichokuwa kingi bali kile chenye kosa moja la kunakili lililokiwezesha kushika kilichopo. Mwaka 2003 Matrosovich na wenzake walitengeneza MDCK-SIAT1, seli zilezile zikiwa na kimeng'enya cha binadamu kinachoongeza alfa 2,6, na leo H3 nyingi hupitishwa huko. Hupunguza mabadiliko, haziyakomeshi.

Kwa hiyo kila mrija unaotoka kwenye seli hupewa historia yake ya pasaji, yaani kirusi kimepitishwa wapi na mara ngapi. S1 ni mara moja kwenye SIAT. C2/S1 ni mara mbili kwenye MDCK, mara moja kwenye SIAT. E4 ni mara nne kwenye mayai. Herufi mbili tatu tu, lakini zikikosekana, matokeo yote ya mbele hayana mwenyewe.

Jambo jingine la hapa: usipitishe kirusi bila kukizimua ukidhani utapata kingi zaidi. Von Magnus alionyesha zaidi ya miaka 70 iliyopita kwamba ukirundika virusi vingi juu ya seli chache, vinaanza kuzaa vitoto pungufu, vyenye vipande vya jeni vilivyokatwa katikati. Vinanakiliwa haraka kwa kuwa ni vifupi, na vinawabana walio wazima. Deni hilo litadaiwa siku ya mpangilio wa jeni.

Siku ya 10: damu

Mwaka 1941 George Hirst wa New York alikuwa akivuna maji ya mayai yenye virusi, mshipa wa kiinitete ukachanika, na chembe nyekundu za damu zikashikana. Mwaka huohuo McClelland na Hare wa Toronto wakaliona jambo hilohilo. Kipimo kilichotokana na tukio hilo bado kinaendesha maabara za mafua za dunia nzima, na gharama yake ni damu, maji ya chumvi na bamba la plastiki.

Mikrolita 50 za kirusi zinazimuliwa nusu kwa nusu kwenye vishimo vya bamba, kisha kila kishimo kinaongezewa mikrolita 50 za chembe za damu. Damu ya kuku au bata mzinga ni asilimia 0.5, bamba lenye vishimo vya kitako cha V, dakika 30. Damu ya simbilisi ni asilimia 0.75, bamba la U, dakika 60. Ukichanganya mpangilio huu, yaani damu ya simbilisi kwenye V kwa dakika 30, unapata picha isiyosomeka. Penye kirusi cha kutosha, chembe zinafungana kuwa wavu na kutanda. Pasipo na kirusi zinadondoka na kufanya kitone chini. Bamba linainamishwa: kitone cha kweli huchuruzika kama chozi.

Lisomwe kwa wakati. Kirusi kina protini nyingine juu yake, NA (ndiyo N ya kwenye majina kama H3N2), ambayo kazi yake ni kukata siali ili virusi vipya viondoke kwenye seli. Bamba likiachwa mezani muda mrefu NA inauachia wavu, chembe zinadondoka, na kirusi kizuri kinaandikwa dhaifu.

Siku ya 11 na ya 12: HI

Sasa ndipo swali la chanjo linaulizwa, kwa HI, kipimo cha kuona kama seramu inazuia kirusi kisishikanishe damu. Tunachukua seramu ya fereti, mnyama mdogo wa jamii ya kicheche, aliyeambukizwa kirusi cha chanjo na kutolewa damu wiki mbili baadaye. Kingamwili zake zikikitambua kirusi chetu zitaifunika HA, damu haitashikana, na kitone kitaonekana.

Fereti hakuchaguliwa kwa bahati nasibu. Mwaka 1933 Smith, Andrewes na Laidlaw huko London walimtumia kuonyesha kwamba mafua ya binadamu yanaletwa na kirusi, baada ya wanyama wengine kukataa kuumwa. Miaka mitatu baadaye Smith na Stuart-Harris waliripoti kwamba fereti mgonjwa alikuwa amemrudishia mtafiti maambukizi. Faida kubwa kwa HI ni kwamba fereti wa maabara hajawahi kuugua mafua mengine, hivyo seramu yake inazungumzia kirusi kimoja. Ya mtu mzima inazungumzia mafua yote ya maisha yake.

Seramu haitumiki mbichi. Ina sukari zinazofanana na za seli, nazo hukishika kirusi na kujifanya kingamwili. Fungu moja la seramu linachanganywa na mafungu matatu ya RDE, kimeng'enya kinachotokana na bakteria wa kipindupindu, kwa nyuzi 37 usiku kucha, saa 18 hadi 20. Kisha nyuzi 56 kwa dakika 30 kuiua RDE yenyewe, maana ikibaki hai italishambulia bamba. Mafungu sita ya maji ya chumvi yanaongezwa, na seramu inakuwa imezimuliwa mara 10.

Kirusi kinasawazishwa kuwa vizio 4 vya HA (kizio ni kiasi kidogo kabisa kinachoshikanisha damu) kwenye mikrolita 25, na kabla ya kuendelea kipimo hicho kinapimwa upya. Wanaoruka hatua hii huipata hasara baadaye: vizio 8 badala ya 4 hushusha matokeo yote kwa nusu, na kirusi cha kawaida kinaonekana kimeanza kuikwepa chanjo.

Mfano wa kusoma: seramu dhidi ya kirusi chake yenyewe inafika 1280, yaani bado inazuia ikizimuliwa mara 1280, dhidi ya sampuli yetu inafika 640. Tofauti ya mara mbili ni kishimo kimoja, na kishimo kimoja ni mkono wa mtu. Ingefika 160, hiyo ni mara 8, na kuanzia hapo kirusi huhesabiwa kuwa kimeachana na cha chanjo. Lakini usitangaze kitu kwa bamba moja.

Siku ya 14: H3 inapogoma

Kwa H3N2 mambo si safi namna hiyo. Tangu miaka ya 2000, baadhi yake hushika damu kwa kutumia NA badala ya HA. Seramu inaifunika HA vizuri kabisa, lakini damu inaendelea kushikana, nawe unaandika kwamba kinga haifanyi kazi. Tiba yake ni kuongeza oseltamivir kaboksileti, dawa ya mafua, nanomola 20, ambayo huziba NA, pamoja na kutumia damu ya simbilisi. Tangu 2014 kundi kubwa la H3N2 halikushikanisha damu kabisa. Bamba zima vitone, kana kwamba hakuna kirusi. Hapo HI inawekwa kando na kipimo cha kuzuia maambukizi kwenye seli hufanyika, kigumu zaidi na cha polepole zaidi.

Siku ya 16 hadi ya 20: mpangilio wa jeni

Jeni za mafua A zimo kwenye vipande 8 vya RNA, jumla takribani herufi 13,500. Bahati nzuri ncha za vipande vyote zinafanana, herufi 12 upande mmoja na 13 upande wa pili, kwa hiyo vianzishi vichache (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili) vinaweza kuvizidisha vyote nane kwenye mrija mmoja. Kwenye jeli, inayotenganisha vipande kwa urefu, unatarajia kuona mikanda kuanzia karibu herufi 2,300 kwa vipande vya PB2, PB1 na PA hadi 890 kwa NS.

Mara nyingi inayokosekana ni hiyo mitatu mirefu. RNA iliyokatikakatika njiani haiwezi kutoa kipande kirefu hata kama PCR ya jeni la M, inayosoma sehemu fupi tu, ilitoa Ct nzuri. Na kama RNA imetoka kwenye seli zilizorundikwa virusi, utaona moshi wa vipande vifupi chini ya jeli: ni wale vitoto pungufu wa Siku ya 4. Kuongeza mizunguko hakusaidii, kunavipa vifupi nafasi zaidi.

Leo ndipo lile fungu la akiba linayeyushwa. Mpangilio unasomwa mara mbili, kutoka kwenye sampuli asilia na kutoka kwenye kirusi cha S1, na yote miwili inalinganishwa. Ukikuta nafasi ya 151 ya NA ina herufi mchanganyiko kwenye kirusi cha seli na herufi moja safi kwenye sampuli ya mgonjwa, umeona seli zikikichagua kirusi mbele ya macho yako. Mabadiliko ya hapo yanajulikana kuipa NA ya H3N2 tabia ya kushika damu. Bila mrija wa akiba ungeripoti mabadiliko hayo kama ya mitaani.

Ukaguzi wa dawa ni mfupi: nafasi ya 31 ya M2 kwa adamantani, dawa za zamani za mafua, ambazo karibu virusi vyote vya sasa vinazihimili, na nafasi zinazojulikana za NA kwa oseltamivir, kama 275 kwa N1.

Siku ya 30: mezani kwa dunia

Kirusi kinapewa jina: aina, mahali, namba ya maabara, mwaka, kama A/California/7/2009. Mwenyeji huandikwa tu akiwa mnyama. Mpangilio unapandishwa GISAID, hifadhidata ya kimataifa ya jeni za virusi, pamoja na historia ya pasaji. Ukisoma kutoka sampuli ya mgonjwa unaandika kwamba ni asilia. Sehemu ya virusi inatumwa kwenye kituo shirikishi, Atlanta, Beijing, London, Melbourne au Tokyo, ndani ya mtandao wa WHO ulioanza mwaka 1952. Mkutano wa Februari huchagua virusi vya chanjo ya nusu ya kaskazini ya dunia, wa Septemba ya kusini.

Hapo ndipo yai linarudi. Sehemu kubwa ya chanjo bado hukuzwa kwenye mayai, kwa hiyo kirusi kilichochaguliwa lazima kikubali kuota humo. Kirusi cha H3N2 cha chanjo ya msimu wa 2016 hadi 2017 kilipokuzwa kwenye mayai, nafasi ya 160 ya HA ilibadilika kutoka threonini kuwa lisini, na mnyororo wa sukari uliokuwa ukilifunika eneo hilo ukapotea. Watu wakachanjwa wakajenga kingamwili za kirusi kisichovaa sukari, huku kilichokuwa mitaani kimeivaa. Ramani ya HI iliyochorwa kwa seramu ya kirusi cha yai inaweza kutofautiana na iliyochorwa kwa cha seli, na asiyeangalia herufi za pasaji atadhani maabara moja imekosea.

Baada ya hapo: friza

Mwaka 1977 H1N1 ilirudi duniani baada ya kutoweka miaka 20, na jeni zake zilikaribiana mno na za virusi vya karibu 1950. Kirusi cha mafua kinachotembea kwa watu hakikai bila kubadilika muda wote huo. Kilichogandishwa ndicho hukaa. Mwaka 2005 ikagundulika kwamba H2N2, aina iliyoacha kusambaa kwa binadamu mwaka 1968, ilikuwa imetumwa kwa maelfu ya maabara katika nchi 18 ndani ya vifurushi vya kupimia ubora, na WHO ikaomba viharibiwe. Lebo za vifurushi zilisema mafua A, basi.

Kirusi chetu kinagawanywa kwenye mirija ya mililita 0.5, ili kila anayehitaji achukue mmoja na kuumaliza badala ya kuyeyusha na kugandisha uleule. Lebo ina jina kamili, aina ndogo, pasaji, tarehe na namba ya HA. Sampuli asilia zinakaa friza moja na virusi vilivyokuzwa nyingine, kila friza ikiwa na laini yake ya umeme na kengele yake ya joto. Aina ndogo ambazo hazisambai tena kwa watu hazihifadhiwi humo. Zinapelekwa kwenye maabara ya ngazi ya juu au zinaharibiwa, na karatasi ya uharibifu inasainiwa na watu wawili. Orodha ya nani alichukua mrija upi, lini, na kwa kazi gani inakaa kwenye kompyuta, na nakala yake iliyochapishwa inasasishwa kila mwisho wa mwezi.